Wifi ananiuzia bakteria wa tumbo kwa laki saba na nusu

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma unavyowajibu wenzangu, leo zamu yangu. Mimi ni mama wa miaka 41, watoto wanne, naishi Kirumba, Mwanza, na biashara yangu ni dagaa, hapo soko la Mwaloni. Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi. Yeye Msukuma wa Magu, mimi kwetu Ukerewe.

Mwezi wa pili mwaka 2021 niliugua. Unakumbuka kipindi kile, hakuna aliyetaja corona, kila msiba ilikuwa "changamoto ya upumuaji". Sikupimwa. Lakini nilijijua siku niliyofungua gunia la dagaa, nikainama mpaka uso ukaingia ndani, nisisikie kitu. Mimi mtu wa dagaa tangu nina miaka kumi na tano! Mteja Mkongo amesimama mbele yangu anauliza kama mzigo haujavunda, nashindwa kumjibu. Ikabidi nimwite jirani wa meza ya pili aje aninusie.

Nililala wiki tatu. Mume wangu alinifunika blanketi nikapiga nyungu ya mwarobaini na mchaichai mpaka ngozi ya uso ikababuka. Nikanywa Azuma dozi mbili, nikanywa amoksilini, na Flagyl juu yake kwa sababu tangu siku ya tatu nilikuwa naharisha. Harufu ilirudi baada ya miezi miwili. Nguvu zimerudi nusu. Tumbo halijarudi mpaka leo.

Nikila maharage linajaa kama ngoma. Nikinywa chai ya maziwa najua nitakimbia. Kuna wiki naenda chooni mara tano kwa siku, kuna wiki siendi kabisa. Na choo cha sokoni ni cha kulipia, nikipiga hesabu ya mwezi naona nimeacha debe zima la dagaa pale mlangoni. Likinichafukia sana nanunua Flagyl duka la dawa, linatulia wiki mbili, linaanza upya. Mara mbili tatu mwaka huu nimeona na damu kidogo, lakini hiyo najua ni ya kujikamua. Ikifika saa nane mchana nimechoka kama vile magunia nimeyabeba mwenyewe. Hata nikienda visiwani kununua mzigo, zamani nilikuwa nikishuka kwenye mtumbwi naoga ziwani, nafua, napika, sasa nikishaoga nalala.

Sasa shida yenyewe. Dada mkubwa wa mume wangu anakaa Buhongwa, amejiunga na kampuni moja ya virutubisho, zile za kuingiza watu chini yako. Alikuja Jumapili na begi la makopo. Akanionyesha video kwenye simu, daktari amevaa koti jeupe anaeleza. Akasema corona iliua bakteria walinzi wote wa tumboni mwangu, na kirusi chenyewe kimejificha kwenye utumbo mpaka leo. Vidonge vyake vinapanda bakteria wapya. Dozi ya miezi mitatu, laki saba na nusu, na hiyo ni bei ya undugu. Niache dagaa, niache maharage, niache ugali wa muhogo. Nikimaliza dozi sitakuwa na haja ya chanjo ya aina yoyote maishani.

Kilichoninyima usingizi si bei. Alisema mbele ya watoto kwamba nikiwapikia huku kirusi kimo tumboni, nawaambukiza. Kitinda mimba wangu ana miaka mitano, nilikuwa nalala naye. Tangu siku hiyo nimemhamishia kwa dada yake, na kila usiku anakuja kugonga mlango.

Kikoba chetu tunavunja mwezi wa kumi na mbili, fungu langu ni kama laki nane na nusu. Wewe ni mtu wa Mwanza, unajua: mbalamwezi ikiwaka watu hawavui dagaa, giza likiingia mzigo unashuka kwa wingi na mwenye hela taslimu ndiye anayechagua. Hela hiyo ndiyo niliyoipigia hesabu ya giza la Januari. Wifi anaijua. Mume wangu anasema nisimvunje moyo dada yake, kwani ndiye aliyemlipia kijana wetu ada ya kidato cha tatu tulipokwama. Na mama mkwe ameshasikia huko Magu kwamba mimi ni mbishi.

Nisaidie mambo mawili. Hayo ya bakteria na corona ni kweli au ni ya kuuzia makopo? Na nikikataa, nakataaje bila kuvunja nyumba?

Mama Dagaa, Kirumba

*

Marahaba, mwanangu.

Wifi tutamfikia, na bakteria tutawafikia. Kwanza nirudi kwenye kitu ulichokiandika haraka haraka kati ya Flagyl na uchovu: damu. Umeiona mara mbili tatu, ukajipa jibu mwenyewe, ukaendelea. Halafu mistari miwili mbele unaniambia ukishuka visiwani unaoga ziwani, na zamani ulifua humo humo, nawe kwenu ni kisiwani Ukerewe. Mimi nimefanya unesi miaka mingi kwenye zahanati za huku ziwani, na maneno hayo mawili yakikaa kwenye barua moja sitafuti corona kwanza. Natafuta kichocho.

Sisemi kile cha mkojo wanachokijua wote. Ziwani kwetu kinachotutesa zaidi ni kichocho cha tumbo. Konokono wadogo wa majini, wale wanaokaa penye maji yaliyotulia na majani, wanatoa vijidudu vinavyopenya ngozi kwa dakika chache tu ukiwa umesimama unafua. Vikishaingia vinakua kuwa minyoo, na minyoo hiyo haikai ndani ya utumbo kama ile mingine. Inakaa kwenye mishipa ya damu inayouzunguka. Jike linataga mayai mamia kila siku. Mengine yanatoboa ukuta wa utumbo ili yatoke na choo, na hapo ndipo damu inapotoka. Yale yanayoshindwa kutoka yanakwama, mengi kwenye ini, na ini linaanza kuota makovu. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka, leo anaharisha, kesho amefunga choo, amechoka bila sababu, anajiita mvivu. Nimewaona wavuvi wenye misuli kama nguzo za gati wakiletwa wanatapika damu, na hakuna aliyewahi kuwapima choo hata siku moja.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi kumpa yeyote, nenda kituo cha afya upimwe choo kikubwa. Ukiambiwa hakuna kitu, usiridhike na kikopo kimoja, peleka tena siku ya pili na ya tatu, kwa maana mayai hayatoki sawasawa kila siku. Waombe waangalie na amiba na giardia, waangalie wingi wa damu pia. Ikionekana ni kichocho, dawa ni prazikwanteli, unapimwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, unameza ukiwa umeshiba. Inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaweza kubaki, kwa hiyo usishangae wakikuambia urudie baada ya wiki kadhaa. Flagyl haigusi kichocho. Na kama si kichocho, bado damu kwenye choo kwa mtu aliyevuka miaka 40 si ya kuipa jina mwenyewe, mwambie daktari aitafute inakotoka.

Haya. Sasa wifi.

Utashangaa, lakini nusu ya aliyokueleza ni kweli. Ndiyo maana biashara hizi zinauza: uongo mtupu haununuliwi na mtu mwenye akili kama wewe, ila ukiupakia kwenye gunia la ukweli unasafiri mpaka Congo.

Tumboni mwa mtu mzima kuna bakteria wapatao trilioni 38, wengi wao kwenye utumbo mpana, hesabu inayokaribia au kuzidi ya chembe zote za mwili wenyewe. Hawakai bure. Vile vitu ambavyo tumbo lako haliwezi kusaga, maganda ya maharage, nyuzi za matembele, wanga mgumu wa viazi, vinashuka chini na wao wanavivundika. Katika kuvundika wanatoa asidi fulani ndogo, mojawapo inaitwa biutireti, na hiyo ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ukishiba unaziba vizuri, na askari wa mwili wanaokaa nyuma yake wanatulia, hawarushi mawe ovyo. Gesi inayokujaza tumbo kama ngoma ni sehemu ya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo si kila mara ni ugonjwa.

Corona inaingiaje hapo? Kirusi kile hakiingii popote kinapotaka, kinatafuta mlango, na mlango wenyewe ni protini inayoitwa ACE2. Mapafuni upo. Kwenye utumbo mwembamba upo kwa wingi sana, mwingi kuliko mapafuni. Ndiyo maana ulianza kuharisha siku ya tatu, na ndiyo maana waliokuwa wanasema "hii si corona, huyu anaharisha tu" walikuwa wamekosea.

Watafiti wa Hong Kong walichukua choo cha wagonjwa 100, wakachapisha mwaka 2021. Waliona bakteria kadhaa wanaosaidia kutuliza askari wa mwili wamepungua kwa wagonjwa wa COVID-19: yule anayeitwa Faecalibacterium prausnitzii, ambaye ni mtengenezaji mkubwa wa biutireti, na jamii ya bifidobakteria. Kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali ndivyo mchanganyiko ulivyovurugika, na kwa wengine ulibaki hivyo hata siku 30 baada ya kirusi kuondoka. Mwaka uliofuata wakafuatilia watu 106 kwa miezi sita. Waliopona kabisa, tumbo lao lilikuwa limerudi kufanana na la watu ambao hawakuugua. Waliobaki na uchovu, kusahau na kukosa usingizi, lao lilikuwa bado limepinda.

Mtu atasema, huenda ni dawa walizokunywa ndizo zilizoua bakteria, si kirusi. Swali zuri. Marekani mwaka 2022 waliwaambukiza panya wa maabara kirusi hicho, na panya hawakunywa Azuma hata kidonge kimoja. Bakteria wao wa tumbo walivurugika vilevile. Walipowaangalia na wagonjwa 96 wa hospitalini, wakaona kwamba kwa baadhi ya waliozidiwa, bakteria wa tumboni walikuwa wamevuka ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo hapo wifi ana haki yake, mpe: corona inavuruga bakteria wa tumbo.

Lakini wewe, mama, hukuvurugwa na corona peke yake. Nimehesabu kwenye barua yako. Azuma mara mbili, amoksilini, Flagyl, kisha Flagyl tena na tena kila tumbo likichafuka. Antibayotiki haziui kirusi. Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu Aprili 2024: kati ya wagonjwa wa COVID-19 waliolazwa hospitalini duniani, ni asilimia 8 tu waliokuwa na maambukizi ya bakteria ya kuhitaji antibayotiki juu yake, ila waliopewa walikuwa karibu asilimia 75. Na hao ni wa hospitali, wenye madaktari. Sisi wa duka la dawa la kona hatumo kwenye hesabu. Tena Flagyl imetengenezwa kuua bakteria wanaoishi pasipo hewa, na utumbo mpana hauna hewa, hao rafiki zako wa biutireti wote ni watu wa pasipo hewa. Umekuwa ukipalilia shamba kwa kulichoma moto, halafu unashangaa linaota magugu. Linatulia wiki mbili kwa sababu hakuna aliyebaki wa kupiga kelele.

Acha Flagyl ya kujinunulia. Leo.

Hofu ya kuambukiza watoto imenikera kuliko laki saba. Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza choo cha watu waliougua corona ya kawaida, ya kutolazwa. Wiki ya kwanza karibu nusu yao walikuwa na vinasaba vya kirusi kwenye choo. Miezi minne baadaye walibaki kama asilimia 13, miezi saba asilimia 4 hivi. Hiyo ndiyo mbegu ya maneno ya "kimejificha". Ila vinasaba ni kama magamba ya samaki juu ya meza: yanakuonyesha kwamba samaki alikuwepo, hayaogelei. Kupata vipande vya kirusi kwenye choo si sawa na kuwa na kirusi hai kinachoruka kutoka kwenye sufuria lako kwenda kwa mtoto. Corona husambaa zaidi kwa hewa anayopumua mgonjwa siku zile za ugonjwa, na siku zako zilipita mwaka 2021. Usiku huu akigonga, mfungulie. Mwite kabla hajagonga.

Na hilo la vidonge kuchukua nafasi ya chanjo halina miguu. Bakteria wa kopo hawaufundishi mwili kumtambua kirusi wa corona. Ukiwa na swali la chanjo muulize mhudumu wa kituo siku hiyo hiyo ya kupima choo.

Je, vidonge vya bakteria ni upuuzi wote? Hapana, na hapa nitamtetea wifi kidogo. Watu wale wale wa Hong Kong walifanya jaribio kubwa la watu 463 waliobaki na dalili za muda mrefu baada ya corona. Nusu wakapewa mchanganyiko wa bifidobakteria wa aina tatu pamoja na chakula cha bakteria hao, nusu wakapewa dawa ya kudanganyia, miezi sita, hakuna anayejua amepewa kipi. Waliopata bakteria walipata nafuu zaidi kwenye uchovu, kumbukumbu na tumbo. Sasa muulize wifi, kwa upole: kopo lake lina aina zipi, majina kamili? Wangapi kwa kila kidonge? Wanaisha muda lini, na wamekuwa wakihifadhiwa wapi, maana bakteria hai hawapendi joto na begi lake limepanda daladala kutoka Buhongwa juani. Limesajiliwa hapa nchini, namba iko wapi? Bakteria si maji, kwamba wote ni wamoja. Aina moja inasaidia kitu hiki, nyingine haisaidii chochote, na jaribio la Hong Kong linahusu mchanganyiko wao, halihusu kila kopo lenye picha ya utumbo.

Chakula alichokukataza ndicho kinachonishangaza kupita yote. Anakuuzia bakteria kisha anakunyima chakula chao! Dagaa hawana kosa. Maharage, kunde, choroko, njugumawe, matembele, mlenda, uji wa mtama, hivyo ndivyo bakteria wako wanavyosubiri. Ukikaukiwa na hamu, kuna michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, waombe wakwe zako wa Magu wakutumie, mama mkwe atafurahi kuombwa kuliko kuambiwa wewe mbishi. Hata kiporo kina faida yake: wanga wa viazi au wali uliopikwa ukapoa, sehemu yake inakuwa ngumu kusagwa, inashuka mpaka kwa bakteria. (Kiporo cha jana usiku kilichofunikwa vizuri, mama, si cha juzi.)

Tatizo lako ni kwamba tumbo limezoea njaa ya vitu hivyo, ukilipa sahani nzima ya maharage linalipuka. Anza na vijiko viwili vitatu vya kupakulia, siku mbili kwa wiki. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya, gesi inapungua sana. Ongeza polepole kwa mwezi mzima. Chai ya maziwa iache kwa muda, jaribu mtindi, kwani bakteria wa mtindi wameshaila sehemu ya ile sukari ya maziwa inayokukimbiza. Chemsha maziwa mpaka yafoke, yaache yapoe hadi uweze kutia kidole bila kuungua, koroga vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana, funika kwa kitenge, usiku mmoja. Usitumie maziwa mabichi.

Na usidhani mambo ya bakteria wazuri yameletwa Mwanza na begi la wifi. Pale Mabatini, tangu miaka ya 2000, kikundi cha kina mama cha Tukwamuane kilikuwa kinatengeneza mtindi wenye bakteria maalumu, Lactobacillus rhamnosus, kwa ushirikiano na watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, tawi la Mwanza, na chuo kikuu kimoja cha Kanada. Waliwalenga hasa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kina mama kama wewe, sufuria, moto, ndoo safi. Hawakumwambia mtu aache maharage wala kuahidi kwamba mtindi utamponya kila kitu.

Sasa nyumba yako. Usibishane na wifi kuhusu bakteria, utashinda hoja upoteze udugu. Unajua biashara hizi, mwenyewe hulazimika kununua makopo kila mwezi ili asishuke daraja. Naweza kubahatisha kwamba kuna mengine yamelala chini ya kitanda chake na deni juu yake, na hajamwambia kaka yake. Anakuuzia kwa sababu anakupenda na kwa sababu amebanwa, vyote kwa pamoja.

Zungumza na mume wako kwanza, usiku, nyie wawili. Usianze na "dada yako". Anza na damu. Nina hakika hajui kuhusu damu, mwanamume akijua hilo hazungumzii makopo. Mwombe akusindikize kupima, naye apime, fundi wa injini za mitumbwi anashinda ndani ya maji kuliko wewe. Na watoto wote wapimwe. Karatasi ya maabara ikishakuwa mezani, jibu kwa wifi linakuwa jepesi na la kweli: "Wifi, daktari amenianzishia matibabu, siwezi kuchanganya na kitu kingine mpaka nimalize." Hapo hujamwita mwongo.

Ada ya kijana ni jambo lingine, usikubali ifungwe kamba moja na makopo. Hilo ni deni la heshima, lilipeni kama deni. Giza la Januari likikaa vizuri, mpelekee gunia zuri la dagaa, apikie nyumba na auze mengine, na mume wako ndiye amkabidhi, si wewe. Fungu la kikoba ni mtaji. Mtaji hauliwi na ugonjwa ambao hata haujapimwa.

Mama mkwe mpigie mwenyewe kabla hajapigiwa tena. Mwamkie kwa Kisukuma, "mwadeela mayu", muulize mvua, muulize mbuzi, kisha mwombe michembe.

Ukipata majibu ya choo niandikie, nitapenda kujua kama nimekisia sawa. Na ukitoka Ukara na dagaa wasio na mchanga, mimi bado niko hapa Pasiansi.

Shangazi